Mke Mwenza wa Bibi

Tulipomzika bibi yangu, mzaa mama, wanawake wa Mtawanya walikaa uani kutwa nzima wakisimulia vichekesho vyake. Huyu anakumbuka alivyomjibu mwenyekiti wa kijiji, yule anakumbuka alivyomtania bwana harusi mpaka akasahau viatu vyake mlangoni. Marehemu alikuwa mcheshi, wakasema, hakuna aliyekaa naye akaondoka amenuna. Bi Mgeni, jirani yake wa miaka yote, ambaye sasa macho yamekwisha na meno yamekwisha, akanishika goti mbele ya watu. "Na huyu ndiye alikuwa mke mwenzie," akasema. "Hebu tuambie, mwanangu, mlivyokuwa mkigombea mume." Watu wakageuka kunitazama, wameshajiandaa kucheka. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kukaa nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna anayemfuata mtu kwa mazungumzo.

Sikulia. Nyinyi ninaoongea nanyi ni rika langu, na wengi wenu mmelelewa na bibi zenu, kwa hiyo sitawaficha: nilikuwa na hasira. Mtu anakufanyia ubaya mchana kweupe, watu wamekaa wanatazama, halafu anakufa na sifa ya ucheshi. Na ukifungua mdomo, wewe ndiye huna adabu, unamsema maiti. Basi leo nitamsema, na anayetaka kununa anune.

Kwetu, kama mjuavyo, babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwita mke mwenzangu. Ni maneno ya mapenzi tu, hayana kitu ndani yake. Bibi anajitia wivu, mtoto anadeka, watu wanacheka, siku inakwenda. Mtoto aliyekulia kwao anajua hilo bila kufundishwa. Mie sikulijua. Nilizaliwa Kiongoroni, kule delta karibu na bahari, na wazazi wa baba yangu walikufa kabla sijazaliwa. Sikuwahi kuwa na babu wala bibi wa kunitania. Kwa hiyo nilipofika Mtawanya nikaambiwa mimi ni mke, niliamini kwamba mimi ni mke.

Kwa nini nilipelekwa, hilo nililielewa vibaya pia. Baba alikuwa amekwenda kuvua upande wa Msumbiji na habari zake zikakatika. Mama alingoja mpaka watu wakachoka kumwuliza, kisha akaolewa na mkata boriti mmoja wa pale pale kijijini, mtu mkimya ambaye hakuwahi kunipiga wala kuniita. Alikuwa akiingia ndani, mimi natoka; ndivyo tulivyokaa. Siku moja mama akaniambia nitakwenda kusoma kwa bibi, maana kule Mtawanya shule iko karibu na kuna walimu wa kutosha. "Kabla masika hayajashika nitakuja kukuchukua," akasema. Nikaona ni jambo zuri: nisome kidogo, nile vya bibi, halafu nirudi kwetu.

Tuliondoka na boti ya mashine asubuhi maji yalipojaa. Kaskazi ilikuwa kali, na tulipotoka kwenye mikoko kila wimbi lilitumwagia ndoo nzima. Mama alinifunika na turubai tukakaa humo wawili, joto, harufu ya petroli na ya kamba wakavu, na mie natapika kwenye khanga yake naye hanigombezi. Tuliposhuka Nyamisati alininunulia maandazi na soda nzima, si ya kugawana. Akaninunulia na ndala mpya. Zilikuwa kubwa, kisigino changu kiliishia katikati. Mwuzaji akatoa za saizi yangu, mama akazirudisha. "Hizi hizi, atakua nazo," akasema. Nilifurahi mno. Habari yote ilikuwa pale kwenye zile ndala, lakini mtoto wa miaka minane asome wapi mambo hayo.

Tukapanda gari hadi Kibiti, na kutoka hapo bodaboda hadi Mtawanya, barabara ya mchanga na mikorosho huku na huku. Bibi alikuwa ameketi barazani na wenzake wanasuka ukili wa mikeka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, vidole vyake havikutulia hata akila. Nikafanya kama nilivyofundishwa njiani, nikapiga goti nikasema, "Shikamoo, bibi."

Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye zile ndala. "Sina marahaba ya mke mwenza," akajibu.

Wale wanawake wakacheka wakaangushiana mabega. Mama akacheka. Babu naye alikuwa pembeni anasuka tenga la kubebea mananasi. Mguu wake mmoja ulikuwa na goti bovu na aliunyoosha mbele kila akikaa. Akatabasamu akasema, "Karibu, mke wangu. Usimjali huyo, umri umemfika." Wakacheka tena. Mimi nikabaki nimepiga goti, nangoja marahaba yangu. Haikuja siku ile wala baadaye.

Sasa nieleweke. Bibi hakuwa mtu wa kufoka. Kila alichonifanyia alikifanya anacheka. Wali ukiiva, yeye na Babu wanapakuliwa wali, mimi napewa ukoko wa chini ya sufuria, ule mweusi. "Mke mdogo hula ukoko," atasema, na kama kuna mgeni, mgeni atacheka. Chumbani kwake palikuwa na nafasi, lakini nilitandikiwa kwenye banda la jiko, mkeka juu ya udongo, karibu na mafiga. "Wake wenza hawalali nyumba moja, wataumana." Mgeni akacheka. Nikipita karibu yake akisuka, mkono wake unatoka chini ya ukili na kunifinya ndani ya mkono, pale juu karibu na kwapa, penye nyama laini pasipoonekana. Nikipiga kelele anawaambia watu, "Msikieni, anataka mume wangu aje amtetee." Alikuwa na kucha ngumu za kupasulia miyaa ya ukili.

Niliwahi kumwambia Bi Mgeni. Nilimkuta kisimani peke yake nikamwonyesha mkono. Akautazama, akanipangusa machozi, akasema, "Bibi yako anakupenda, ndiyo maana anakutania. Asiyekupenda hakutanii." Jioni akamsimulia bibi. Walicheka wote wawili, na bibi akaniambia, "Kumbe unakwenda kunishitaki kwa wakwe." Usiku ule sikupata hata ukoko.

Nikafikiri kwa akili yangu ya kitoto. Ukweli ni kwamba nilimwonea huruma bibi. Kule Kiongoroni niliwahi kuona wake wenza wawili wakipigana kwa miiko hadharani, na watu walisema wivu ni ugonjwa, mwenye nao hajiwezi. Kwa hiyo nikaona bibi ni mgonjwa wa wivu, na kosa ni langu mimi niliyeletwa juu yake. Nikajitahidi kumkwepa Babu. Akiniita mke wangu nimletee maji, namwekea mbali nakimbia. Babu akawa ananitazama kwa kushangaa. Yeye alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu mwema wa kukaa. Alisuka matenga yake, akasikiliza redio yake, na yaliyopita nyuma ya mgongo wake aliyaacha yapite.

Basi kaskazi ikaanza kukata. Upepo ukawa hauna mwelekeo, mchana unaungua, jioni mawingu yanapanda kutoka upande wa bahari halafu yanatawanyika. Watu wakaanza kuchoma mashamba na kukimbizana na muda. Mie nilifurahi kila nikiona wingu, maana masika yakikaribia mama anakuja. Nilikuwa mtoto pekee wa Mtawanya aliyeomba mawingu na kuomba mvua isinyeshe kwa pamoja.

Tufani ya kwanza ilitukuta alasiri. Babu alikuwa Kibiti kupeleka matenga sokoni. Bibi, Bi Mgeni na mwanamke mwingine walikuwa barazani kwenye ukili wao, na mie nacheza na vipande vya miyaa. Ghafla kukawa giza upande mmoja, upepo ukapiga, mabati ya jirani yakaanza kulia. Uani kulikuwa na muhogo umeanikwa, mikeka miwili mizima. "Mke mwenzangu, anua muhogo," bibi akasema, na wao wakakusanya ukili wao wakaingia ndani.

Nilianua. Upepo ulikuwa unaurudisha mkeka usoni mwangu, vipande vinaruka, navikimbiza kimoja kimoja. Matone yakaanza, makubwa, ya baridi. Nikajaza tenga nikalikokota mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Hodi, bibi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Nyumba hii ina mke mmoja, na yuko ndani. Nenda kwako jikoni."

Niliwasikia wakicheka. Bi Mgeni alisema kitu, sikukisikia kwa mvua, lakini hakikuwa "mfungulie," maana baada ya hapo walicheka zaidi. Nikagonga tena. Mvua ikaja yote kwa mara moja, ile mvua ya kwanza inayoumiza ngozi. Nikaliacha tenga, nikakimbilia jikoni.

Banda lile lilikuwa nguzo nne na makuti, udongo mpaka kiunoni. Nilishika nguzo. Makuti yakaanza kunyanyuka upande mmoja, yakashuka, yakanyanyuka, kisha yakaondoka na fito zake yakaanguka kwenye migomba. Nikajibana nyuma ya kinu. Radi ilipiga mkorosho wa jirani, nikaona tawi zima linadondoka, na mkojo ukanitoka bila mimi kujua. Kitu ninachokikumbuka kuliko radi ni kwamba dirisha la chumba cha bibi lilikuwa na ufa, na ndani ya ule ufa palikuwa na jicho. Sijui lilikuwa la nani kati ya wale watatu. Lilinitazama kwa muda, likaondoka.

Mvua ilipopungua bibi akatoka, akaenda kwenye tenga. Muhogo ulikuwa umelowa. Alichukua mwiko akanipiga nao mgongoni na kwenye miguu, na huku anapiga anaimba wimbo wa ngoma ya harusi, ule wa kumsuta mke mdogo. Bi Mgeni alikuwa amejishika mbavu mlangoni, machozi yanamtoka kwa kicheko. Nikaona lazima mimi ndiye sielewi. Watu wazima watatu hawawezi kucheka kitu kama si cha kuchekesha. Nikajaribu kucheka na mimi. Bibi akaacha kuimba. Akanipiga mwiko mmoja wa mdomoni, huo bila wimbo.

Babu alirudi jioni akanikuta natetemeka kwa homa. Akauliza kulikoni. "Tulikuwa tunagombea mume," bibi akasema, na Babu akaguna kama anacheka. Lakini alinivalisha koti lake, lile zito la kwendea msikitini asubuhi za baridi, na kesho yake alipanda kwenye banda na goti lake bovu akaezeka makuti mapya. Hakuuliza kwa nini mtoto analala jikoni.

Wakati naugua homa ile ndipo nilipoona jambo lililonifungua akili, au niseme lililoniharibu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka, na mwenye duka alikuwa na mke kijana aitwaye Zaina. Waligombana wiki nzima. Asubuhi moja nikaona bodaboda mbili zimesimama, Zaina anafungisha godoro kwenye moja, vyombo kwenye nyingine, na mama yake mzazi amekuja kumchukua. Hakuwa analia hata kidogo. Amejipaka wanja, amevaa baibui jipya. Mama yake alimshika mkono hadharani akasema kwa sauti ili mtaa usikie, "Mwanangu sikumwokota. Akiachwa ana kwao." Wakaondoka. Nikamwuliza Babu amefanyaje yule. Babu akasema amedai talaka, amepewa, anarudi kwao.

Nililala na neno hilo siku tatu. Mke akiteswa anadai talaka. Akipewa, mama yake anakuja kumchukua, na hakuna wa kumzuia. Kumbe njia ilikuwepo. Ilibaki mama afike tu.

Na mama alifika kweli. Ilikuwa karibu kabisa na masika, barabara imeshaanza kuwa tope, na alikuja mchana na bodaboda akiwa amelowa mpaka magotini. Alikuwa na mimba kubwa. Alisema ametoka kliniki Kibiti, kesho asubuhi lazima awahi boti, maji yakipwa ndiyo basi tena. Aliniletea mfuko wa kamba wakavu. Niliunusa ule mfuko nikahisi nimeshafika nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikatia nguo zangu kwenye kiroba.

Alasiri walikaa barazani: bibi, mama, Bi Mgeni, na Babu na tenga lake. Mvua ya manyunyu inaanguka, chai ya tangawizi inanukia. Nikamsogelea mama nikamwonyesha mkono, pale penye mabaka ya kijani na ya njano. "Bibi ananifinya," nikasema.

"Ananiibia mume, nisimfinye?" akasema bibi. "Nimshukuru?"

Bi Mgeni akacheka. Mama akanishusha mkono wa gauni taratibu, naye akacheka. Basi nikaona wakati umefika. Nilitoka mbele, nikasimama kama tunavyosimamishwa madrasa, mikono nimekunja. "Babu," nikasema, "naomba talaka yangu."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Bi Mgeni alimwaga chai. Bibi alipiga makofi. Babu akaweka tenga chini, akajitia kukunja uso kama kadhi. "Kosa langu nini, mke wangu?"

"Hunilishi," nikasema. "Nalala jikoni. Na mke mwenzangu alinifungia mlango siku ya radi, akanipiga mdomoni."

Wanawake waliendelea kucheka, lakini Babu aliacha. Nilimwona. Aligeuza shingo akamtazama bibi, na bibi akamrudishia macho huku bado meno yako nje. Sijui walisemezana nini kwa yale macho. Walikuwa wameoana miaka mingi. Babu akakohoa. Aliposema tena, alisema kwa sauti ya mzaha, ila maneno yalikuwa yanatoka taratibu sana.

"Basi nimekuacha," akasema. "Talaka moja. Bi Mgeni ni shahidi." Kisha akamgeukia mama. "Mwanangu, umesikia. Mke akiachwa hurudishwa kwao, na kwao huyu ni kwako. Kesho mchukue."

Sasa ninapoyasimulia haya nina umri wa kumwelewa Babu. Alikuwa anaomba. Hakuwa na njia nyingine ya kusema jambo lile mbele ya mkewe isipokuwa kwa utani, akalisema kwa utani. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimeshinda. Nilimtazama mama nikitarajia asimame, aseme mwanangu sikumwokota.

Mama alikuwa anaangalia kikombe chake. Bibi ndiye aliyejibu.

"Wee mwanamume, dini umeisahau?" akasema, vidole vinasuka. "Mke wa talaka moja hatolewi nje. Anakaa eda nyumba ya mumewe, miezi mitatu. Akitoka kabla ni haramu. Au unataka mtoto apate dhambi?"

Hapo ndipo kilipokuja kicheko chenyewe. Bi Mgeni alilala kabisa kwenye mkeka. "Umepatikana, Babu, umepatikana," alisema. Na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, mpaka akashika tumbo lake, alikuwa mama. "Haya, mwanangu," akaniambia, "sheria ni sheria. Kaa eda, ikiisha nitakuja." Babu akaokota tenga lake. Akasuka mpaka magharibi.

Asubuhi bodaboda ilikuja mvua ikinyesha. Nilibeba mfuko wa mama mpaka barabarani, na kiroba changu nimekificha chini ya koti la Babu. Dereva alikuwa upande wa pili anafuta kiti. Tulikuwa wawili tu chini ya mkorosho, na nilijua hii ndiyo nafasi ya mwisho.

"Mama," nikamwambia, "bibi hatanii."

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia. Bibi hatanii, anapiga kweli, ananichukia kweli.

"Nimekwambia najua. Mie ni mwanawe. Amenizaa, amenilea, nyumba hiyo hiyo. Hajawahi kutania yule tangu nipate akili." Alikuwa anafunga mtandio wake upya. "Nikae vipi na wewe? Mume wangu amesema nikirudi na mtoto, nisirudi. Amesema yeye ameoa mke, hakuoa mzigo."

Mtoto anapoona njia, haoni kingine. Nikafurahi, wallahi, nikafurahi kwamba ugumu wenyewe ni huo tu, maana dawa yake nilikuwa naijua. "Basi na wewe omba talaka," nikamwambia. "Tuondoke wote."

Alinipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile. Lilikuwa kofi la mkono uliolowa, lilitoa sauti mpaka dereva akageuka. Kisha akapanda pikipiki kwa ubavu na tumbo lake, akashika chuma cha nyuma, na wakaondoka wakiteleza kwenye tope. Nilimngoja ageuke. Barabara ile imenyooka, unamwona mtu mpaka anakuwa nukta. Hakugeuka.

Siku hiyo hiyo masika yakashika. Niliishi nikijua kitu ambacho sikuwa nakijua kabla. Kutosadikiwa nilikuwa nimezoea. Unajiambia siku moja watasadiki, na siku hiyo utaokoka. Sasa nilikuwa nimesadikiwa, na bado nalala jikoni.

Ila eda niliishika. Nilijiambia mama amesema ikiisha atakuja, na kofi ni hasira tu. Mwezi ulikuwa unajificha kwenye mawingu, kwa hiyo kila ukiandama nilimwuliza Babu kama watu wameuona. Wa kwanza, wa pili. Mvua ikapungua, mpunga ukaanza kukomaa, barabara ikakauka. Ulipoandama wa tatu nikaoga, nikavaa gauni la sikukuu, nikaenda na kiroba changu barazani. "Babu," nikasema, "eda yangu imekwisha."

Alinitazama kwa muda kabla hajakumbuka ninasema nini. Kisha akatoa simu yake ndogo mfukoni, akapiga, akaiweka sikioni. Nilisikia sauti ya mwanamume. Ikasema amejifungua, mtoto wa kiume, hasafiri wala hapokei wageni. Babu akasema, "Mjukuu wake yuko hapa," akajirekebisha, "mwanawe yuko hapa, anataka kuja." Simu ikakatwa. Akaitazama mpaka mwanga wake ukazima, akairudisha mfukoni. Akanishika bega.

"Nimekurejea," akasema. "Mjukuu wangu, nimekurejea."

Nilikuwa nimekaa Mtawanya muda wa kutosha kujua maana yake. Mume akitaka, humrejea mkewe, na mke hana tena pa kwenda. Kwamba kurejea hufanywa kabla eda haijaisha, hilo sikulijua bado. Ndipo nilipolia, kilio ambacho sikukilia siku ya radi wala siku ya kofi. Nilimpiga Babu ngumi kwenye lile goti bovu, naye hakulivuta. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia bibi, na chuki hiyo ilikaa miaka mingi kabla haijatoka.

Bibi alichungulia kutoka jikoni. "Wako wanawake wameachwa na hakuna wa kuwarejea mpaka wanaingia kaburini," akasema. "Wewe unalia nini? Kachote maji."

Nikaenda na ndoo. Niliporudi, nguo zangu zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, na kiroba bibi alikuwa amekitia mkaa.